Kinywaji cha Ghorofani

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, upande unaopata kivuli alasiri, na mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tofali ili lisiyumbe. Kulia ni mlango wa Wembe, ambaye ndiye kinyozi mwenyewe. Kushoto ni kibanda changu, ninamoshona mabegi na kubadilisha zipu. Katikati hukaa Birika na jiko lake la makaa, anauza kahawa mpaka iishe. Barabara ni nyembamba, na ng'ambo yake kuna nyumba ya ghorofa moja yenye roshani ya nondo za kijani. Ngazi yake iko nje, kwa hiyo kila anayepanda na anayeshuka tunamwona. Wenzangu wananiita Taratibu kwa sababu sisemi upesi, na tangu mke wangu alipotangulia mbele za haki nimezidi. Ninamshukuru Mungu kwa benchi hili. Jioni ni ndefu kwa mtu anayerudi kwenye nyumba ambayo hajawashiwa taa.

Jumamosi hiyo Wembe alikuwa na mteja kitini, mgeni aliyehamia mtaa wa nyuma, mtu mzima, mpole. Alikuwa amempaka povu uso mzima na kumnyoa shavu la kulia. Ndipo kicheko kikashuka kutoka roshani. Wembe akaacha mkono hewani, akamwambia mteja asubiri kidogo, akatoka nje na kifaa chake mkononi.

Wembe: Mmesikia?

Koki: Tumesikia.

Wembe: Kile cha mwisho ni cha mke wangu.

Wakili: Kicheko hakina sahihi, bwana. Mahakamani hakipokelewi.

Koki ni fundi bomba. Wakili si wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama mpaka akastaafu, akatoka huko na suti mbili na methali nyingi asizojua zinakohusu.

Wembe: Nimekaa na mwanamke huyu tangu hana unywele mweupe hata mmoja. Nakijua kicheko chake. Kinaanza chini, kinapanda, halafu kinaishia kama maji yanayotaka kuchemka. Kile cha kuishia vile nyumbani kwangu sijakisikia siku nyingi.

Birika: Labda nyumbani hakuna cha kuchekesha.

Wembe: Mimi ninachekesha. Ulizeni wateja.

Hakuna aliyeuliza wateja.

Jambo lenyewe tulikuwa tunalijua wote. Mke wa Wembe ni muuguzi. Kila Jumamosi akitoka zahanati hapiti nyumbani kwanza. Hupanda ngazi zile kwa mwanamke tunayemwita Dada wa Juu, aliyekuwa mhudumu wa vinywaji katika hoteli kubwa kwa miaka mingi, akarudi na glasi pana alizozifunga ndani ya nguo zake zisivunjike. Huko wanakaa wanawake watatu au wanne, wanakunywa kinywaji cha Waitaliano chenye rangi ya chungwa na mapovu, na wanacheka. Kabla ya giza kila mtu anashuka kwenda kwake kula. Basi, ni hivyo tu. Lakini ukimtazama mtu kutoka chini, kila anachofanya juu huonekana kikubwa.

Wembe akaingia ndani, akarudi na kapu. Mteja alidhani anarudiwa yeye, akainua kidevu, kisha akakishusha. Ndani ya kapu mlikuwa na chupa ya mvinyo mweupe wa mapovu, chupa ya kinywaji kichungu chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa, soda, machungwa mawili, na ndoo ndogo ya barafu iliyofunikwa taulo.

Wembe: Mzee Taratibu, niwie radhi. Najua hivi vitu wewe huvigusi.

Mimi: Sivigusi. Lakini chungwa halina kosa. Nipe nikate.

Wembe: Leo nakitengeneza mwenyewe. Nikishakipatia hapa, nitakuwa nakitengeneza nyumbani. Akitoka kazini anakikuta mezani. Halafu namwambia, kwa upole, kwamba zile ngazi basi.

Koki: Basi vipi?

Wembe: Basi hapandi tena. Atafuata nini huko, na kitu kipo kwake?

Neno lile halikunikaa vizuri. Kicheko cha mtu ukikizima hujui kama kitakubali kuwaka tena, na nyumba isiyo na kicheko mimi ninaishi ndani yake.

Mimi: Umeshamwambia?

Wembe: Namwambia leo leo.

Wakili: Sawasawa. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Birika: Hiyo inahusu nini hapa?

Wakili: Sisi tunatia soda.

Kisha ikahitajika namna ya kukitengeneza, na hapo Koki akasogea mbele ya benchi kama shahidi aliyeitwa.

Koki: Mimi niliitwa kule juu bomba la jikoni lilipokuwa linavuja. Najua kila kitu.

Wakili: Uliona kwa macho yako?

Koki: Nilikuwa chini ya sinki.

Wakili: Kwa hiyo uliona miguu.

Koki: Niliona miguu, nikasikia kinywaji. Fundi bomba anaona kwa masikio. Kwanza barafu. Kokoto, kokoto, kokoto, mpaka glasi ikajaa ikaacha kulia. Halafu chupa ikafyatuka. Mvinyo ukamiminwa, kama mtu anahesabu moja, mbili, tatu. Halafu kile kichungu, moja, mbili. Halafu soda, moja. Halafu kijiko kikagusa glasi, ting, mara moja.

Birika: Mara moja tu?

Koki: Mara moja.

Birika: Haiwezekani. Kitu kisichokorogwa kinachanganyikaje?

Koki: Mimi nasema nilichosikia. Na kumimina kwao ni kwa chini chini, kama mtu anammwagia mtoto maji kichwani. Kisha chungwa likatumbukizwa. Kisha wakanywa. Na mimi je? Nimelowa mpaka shingoni, nimewazibia bomba, wananipa kitambaa cha kujifutia. Hata kulamba kijiko sikuambiwa.

Wakili: Wahenga walisema, fundi bomba hunywa maji.

Koki: Wahenga gani hao?

Wakili: Wale wale.

Hapo nikaelewa kwamba Koki naye alikuwa na donda lake. Birika alikuwa na la kwake, maana zamani Dada wa Juu alikuwa akimtuma mtu kununua kahawa Jumamosi, na sasa hatumi. Hata Wakili alikuwa nalo, na lake ndilo lililonishangaza.

Wakili: Mimi sina wivu. Ninauliza tu. Kwa nini mke wangu hajaalikwa?

Wembe: Unataka aalikwe?

Wakili: Sitaki. Lakini wangemwalika, akakataa, ingekuwa heshima. Ana kasoro gani? Hajui kucheka?

Birika: Tukuulize wewe.

Wakili akanywa kahawa yake.

Kicheko kingine kikashuka. Wembe alikaza taya, na kule ndani mteja naye akageuza shingo kusikiliza.

Wembe: Niambieni. Ndani ya kile kitu mna nini cha kumchekesha mtu hivyo?

Koki: Gesi. Jambo dogo. Mapovu yanaingia tumboni, yanatafuta pa kutokea. Ukiyabana yanapanda kichwani. Kichwani kuna valvu ya kicheko, iko hapa, nyuma ya sikio. Ikisukumwa inafunguka. Hata ukimweleza habari ya kodi ya nyumba atacheka.

Birika: Si gesi. Ni uchungu. Kahawa ni chungu, nyinyi mnakunywa kila siku, mbona hamwendi popote? Kwa sababu uchungu wa kahawa ni wa kweli. Ule wa juu umepakwa sukari. Mtu akizoea uchungu wenye sukari, anarudi nyumbani anakuta uchungu mtupu.

Wembe: Uchungu mtupu ndiyo mimi?

Birika: Sikutaja mtu. Nasema usiache mbachao kwa msala upitao.

Wakili: Wote mmekosea. Ni rangi. Ile ni rangi ya jua linalozama. Mtu mwenye akili timamu akiona jua linazama anajua ni saa ya kwenda nyumbani. Sasa wao wanalinywa. Jua likishaingia tumboni, nje anaona bado mchana. Ndiyo maana wanachelewa.

Wembe: Hachelewi. Hilo ndilo linaloniumiza. Anarudi kabla ya giza, anakula kuliko mimi. Anapakua mara mbili. Nikimwuliza huko hampewi chakula, anasema wamekula zeituni na karanga. Ana hamu, ana furaha, anaimba akiosha sahani. Mtu akirudi amenuna nitajua la kusema. Huyu anarudi anaimba.

Birika: Ndicho kinywaji chenyewe kilivyo. Baharia mmoja aliniambia. Waitaliano hukinywa kabla ya chakula, kufungua tumbo. Si cha kulewea, ni cha kukalia. Mnakaa, mnazungumza, tumbo linafunguka, mnaenda kula.

Wakili akaweka kikombe chini. Alikuwa amepata kitu.

Wakili: Kufungua. Hapo hapo. Kitu chenye tabia ya kufungua hakifungui kimoja kikaacha. Leo kinafungua tumbo. Wiki ijayo kinafungua mdomo, siri za nyumbani zinatoka. Mdomo ukishafunguka, kinafungua pochi. Pochi ikifunguka, kinafungua kabati la nguo. Na mtu akishafungua kabati la nguo anashusha nini?

Koki: Begi.

Wakili: Mimi sijasema. Umesema wewe.

Wote wakanigeukia. Wembe alikuwa wa mwisho kunigeukia, na aligeuka polepole.

Wembe: Mzee. Mke wangu amekuletea begi?

Mimi uongo siwezi, hata ule mdogo wa kumfariji mtu.

Mimi: Ameleta.

Wembe akaketi. Benchi likalia.

Koki: Lini?

Mimi: Juzi. Zipu imekatika.

Wakili: Kubwa?

Mimi: La shule. La mjukuu wenu. Lina picha ya sungura.



Wakili: Huanzia hapo hapo.

Wembe: Wakili, ninakuheshimu. Nyamaza.

Basi wakaanza kazi. Nilisogea mwisho wa benchi na machungwa yangu, nikayakata vipande vyembamba vya mviringo, nikavipanga juu ya kifuniko cha bati. Koki akaishika chupa ya mvinyo kwa spana, kwa kuwa hakuiamini mikono mitupu. Kizibo kiliruka, kikapiga ubao wa Wembe ulioandikwa bei, na povu likamwagika juu ya suruali ya Wakili.

Wakili: Maji yakimwagika hayazoleki.

Koki: Hiyo umeipatia.

Wakili: Na suruali imelowa.

Wembe akafunua ndoo, akachota barafu kwa mkono, akajaza glasi. Glasi alikuwa ameazima kwa muuza matunda, ile anayouzia juisi. Koki akafumba macho na kusimamia umiminaji kwa sikio: moja, mbili, tatu, acha. Moja, mbili, acha. Moja, acha. Nilitazama nikiwa mbali, na kwa kweli kilikuwa kitu kizuri kukitazama. Kilikuwa na rangi ya taa ya mafuta, na mapovu yalikuwa yakipanda kwa mstari, moja moja, bila kusukumana. Nikasema moyoni kwamba Mungu ameweka uzuri hata katika vitu alivyonikataza.

Wembe: Sasa kijiko mara moja.

Birika: Ngoja. Mtaharibu. Angalieni, chekundu kimekaa chini, cheupe juu. Hicho hakijachanganyika. Nipeni mimi. Kuna mtu hapa amemimina vitu maishani kuliko mimi?

Hakukuwa na wa kubisha. Birika akachukua birika la akiba, akamwaga glasi yote humo na barafu yake. Akasimama. Akainua birika juu ya kichwa chake na kukiachia kinywaji kishuke kwenye kikombe kikubwa alichokishika usawa wa kiuno, uzi mrefu mwembamba, bila tone kuanguka. Akakirudisha birikani. Akakiinua tena. Anafanya hivyo na kahawa kila siku, na watu husimama kutazama. Alifanya mpaka mkono ukachoka.

Birika: Sasa kimechanganyika.

Akakirudisha glasini. Kilikuwa na rangi ya maji ya mfereji baada ya mvua, na kimetulia kabisa. Wembe akatumbukiza kipande changu cha chungwa. Kikazama.

Wembe akaonja. Akalamba mdomo. Akaonja tena, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Koki: Vipi?

Wembe: Sijui. Onja.

Koki akaonja.

Koki: Kina ladha ya mtu aliyetoka kunyolewa.

Ilikuwa kweli. Lile taulo la barafu ndilo Wembe hufutia shingo za wateja baada ya kuwapaka manukato ya kunyolea, na barafu ilikuwa imeyanyonya njia nzima.

Wakili: Mimi nasikia kahawa.

Birika: Birika langu ni safi.

Wakili: Sikusema chafu. Nimesema nasikia kahawa. Na kwa mbali, huzuni.

Koki: Mapovu yako wapi?

Birika: Yalikuwemo. Nimeyamimina mwenyewe, mmeniona.

Koki: Umeyamimina mpaka yamekwisha. Nilikwambia kumimina kwao ni kwa chini.

Birika: Basi na wewe ungepewa glasi ukaja na mfano, badala ya kuja na masikio.

Koki akasimama, Birika akasimama, Wakili akabaki ameketi na suruali yake iliyolowa akisema wapiganapo tembo nyasi ndiyo hupata maziwa. Wembe hakuwasikiliza. Alikuwa ameinua uso kuelekea roshani. Juu mtu alikuwa anasimulia kitu kwa sauti ya chini, na wengine wamenyamaza wakimngoja afike penye kicheko.

Wembe: Kuna kitu kinapungua.

Koki: Ni urefu. Kule ni ghorofani, presha ni ndogo, mapovu yanapanda yenyewe. Hapa chini yanabanwa. Twende juu ya paa.

Birika: Ni maji. Lazima soda itoke huko huko Italia. Maji yana kwao.

Wakili: Ni lugha. Kile kinywaji hakijui tunasema nini. Dada wa Juu alisikia Kiitaliano hotelini miaka yote hiyo, lazima kuna maneno anakisomea kabla hakijamiminwa. Ukikipa amri kwa lugha ya mtaani kinakaa tu, kama hicho. Hata mbwa wa mkoloni hakusikia lugha nyingine.

Wembe: Maneno gani?

Alikuwa amefika pa kuuliza hivyo, na alikuwa hatanii. Macho yalikuwa mekundu. Nilitaka kumwambia neno, lakini mimi nikianza sentensi wenzangu huwa wameshamaliza mbili.

Ndipo mteja akatoka. Alikuwa bado na shuka la kinyozi limefungwa shingoni. Shavu la kulia lilikuwa safi linang'aa, la kushoto lina povu lililoanza kukauka na kupasuka.

Mgeni: Samahani. Limeanza kuwasha.

Wembe: Dakika moja, kaka. Nakuja.

Mgeni: Hakuna shida. Mlango uko wazi, nimesikia yote. Naomba niulize kitu kimoja.

Wakili: Uliza. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Mgeni: Hicho kinywaji ukishakipatia. Mama ametoka kazini, amefika nyumbani, amekikuta mezani, amekaa anakunywa. Saa hizo wewe utakuwa wapi?

Aliuliza hivyo hivyo, kama mtu anayeuliza njia.

 Wembe akatazama mlango wa duka lake, akatazama benchi. Jumamosi saa hizo kila mtu mtaani anajua Wembe yuko wapi. Na Jumapili. Na siku nyingine zote, mpaka kahawa iishe.

Koki akaanza kukagua spana yake. Wakili alivuta pumzi ya kutoa methali, ikakataa kuja, na sijawahi kuona jambo hilo tangu tufahamiane. Birika akainamisha birika lake juu ya kikombe changu, na hakuna aliyekuwa amemwomba.

Birika: Imeisha.

Mgeni alikuwa bado anangoja. Nadhani hakujua kwamba alikuwa ameuliza kitu kikubwa.

Wembe: Ingia ndani, nikumalizie.

Tulimsikia akinoa, kisha tukamsikia hasemi kitu. Wembe huzungumza anaponyoa, ndivyo alivyo. Shavu lile la kushoto alilinyoa kimya mwanzo mpaka mwisho. Mgeni alipotoka alitusalimia kwa mkono mmoja mmoja, akaenda zake akijipapasa uso.

Kisha Wembe akatoka na ufunguo. Akafunga mlango. Hajawahi kuufunga mchana mbele yangu isipokuwa siku ya maziko ya mke wangu. Akaichukua ile glasi ya maji ya mfereji kutoka kwenye benchi, akavuka barabara nayo. Tulidhani anapanda. Koki alinyanyuka nusu ili akamzuie. Lakini Wembe hakupanda. Aliketi kwenye ngazi ya chini kabisa, akaiweka glasi magotini, akangoja.

 Jua lilikuwa limeshafika kwenye nondo za roshani.

Mke wake alishuka wa kwanza. Alikuwa bado na sare yake nyeupe, viatu amevishika mkononi. Alipomwona akasimama.

Mke wa Wembe: Nani yuko dukani?

Wembe: Nimefunga.

Mke wa Wembe: Saa hizi? Kuna msiba?

Wembe: Hakuna.

Mke wa Wembe: Sasa umekaa hapa unafanya nini?

Wembe: Nakungoja wewe.

Neno la ngazi nilikuwa nalisubiri. Niliona limefika kwenye midomo ya Wembe, kwa kuwa aliinua uso akaziangalia ngazi zote mpaka juu. Kisha akamnyooshea glasi.

Mke wa Wembe: Nini hiki?

Wembe: Ni kile chenu. Nimekitengeneza.

Akakinusa. Akaonja kidogo sana, kama wauguzi wanavyoonja dawa ya mtoto. Akamtazama mumewe. Akanusa tena.

Mke wa Wembe: Baba, umenitilia taulo humu?

Na akacheka. Kilianza chini, kikapanda, kikaishia kama maji yanayotaka kuchemka. Wembe hakucheka. Alikuwa anasikiliza. Mkewe akaweka viatu chini, akamsukuma kwa nyonga asogee, akaketi kando yake palepale kwenye ngazi ya chini, na watu wa juu waliposhuka iliwabidi wale wawili wakunje miguu kuwapisha. Walikaa hivyo. Sikusikia tena walichosema, walikuwa wanasema kwa sauti ya wawili.

Birika alizima jiko. Koki akasema amekumbuka kuna koki nyumbani kwake inadondosha. Wakili akasema suruali hii haifai kukaa nayo, na akaondoka haraka kuliko kawaida yake, kuelekea kwake. Hakuna aliyemtania mwenzake.

Mimi nikafunga kibanda changu, nikarudi kuketi. Benchi lilikuwa langu lote. Kila jioni huwa nawaombea watu wa mtaa huu, namtaja mmoja mmoja kwa jina, nikianza na marehemu wangu. Nikamtaja yeye. Nikamtaja Birika, nikamtaja Koki, nikamtaja Wakili na mke wake. Nilipofika kwa Wembe, wakati huo mkewe amelaza kichwa begani mwake, jina likakataa. Nikalirudia. Likatoka, lakini lilitoka kavu, na Mungu hadanganyiki. Nikalirudia tena. Sikuinuka pale mpaka lilipotoka kama linavyopaswa, na wao walikuwa wameshaenda nyumbani kula.